Leo Sitanii

Chuo cha Walimu cha Itimbo, Tabora
1953

Jumatatu, 1 Juni
Daftari hili nimepewa na Mwalimu Modest niandikie maandalio ya masomo. Nitaandikia chuki zangu. Maandalio hukaguliwa kila Ijumaa, chuki hazina mkaguzi.

Jina langu Eustace, mtoto wa Masolwa, mrina asali wa Ipole. Niko mwaka wa tatu, na tangu juzi mimi ndiye kapteni wa mpira, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka ukapteni. Mwaka wa kwanza tulifungwa mechi zote sita za kombe la jimbo. Mwaka wa pili tulifungwa tano, na ya sita ilivunjwa na mvua tukiwa nyuma kwa mabao matatu. Mjini wanatuita Gunia, eti kila apitaye anatutia anachotaka. Watoto wa mtaa wa Gongoni wakituona tumevaa sare za chuo wanafungua mikono kama watu wanaoshika gunia na kucheka.

Novemba tunafanya mtihani, kisha tunatawanywa kwenye shule za vijijini. Tumebaki saba wa mwaka wa tatu. Sitaki kuzeeka mahali fulani huko Lusu nikiitwa Mwalimu Gunia.

Jumanne, 2 Juni
Malkia ametawazwa Ulaya. Tumepewa biskuti mbili mbili na kuimbishwa juani. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba kombe la mwaka huu litaitwa Kombe la Malkia. Kisha akatoa onyo: mwaka jana watu walizika shangazi zao mara tatu tatu ili wapate safari, kwa hiyo sasa ruhusa ni kwa msiba wa baba au mama tu. Atakayetoka bila karatasi yake amejifukuza mwenyewe.

Jumamosi, 6 Juni
Mazoezi. Vumbi. Ambrosi anakimbia winga kama mtu anayetafuta choo.

Jumatano, 10 Juni
Leo nimwandike Alois, maana najua nitamwandika sana.

Alois ni golikipa wetu, Mzaramo kutoka upande wa Pugu. Mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mpaka akachoka. Wazee wanasema ilianza zama za misafara. Wapagazi wetu walibeba pembe hadi pwani, wakifia njiani mbali na ndugu zao, na aliyewazika ni mwenyeji wa hapo. Ukishamzika mtu, unaweza kumtania mwanawe upendavyo. Sawa. Lakini babu yangu hakubeba pembe ili mimi nisumbuliwe nikinywa uji.

Mzaha wake ni mmoja tu tangu mwaka wa kwanza. Anakuja na uso mkavu, anasema, "Eustace, babako amefariki. Leo sitanii." Mimi napaswa kujibu, "Na wako keshaoza." Wote wanacheka. Mwaka wa kwanza nilicheka na mimi.

Jumamosi, 13 Juni
Tumetoka sare na vijana wa Reli, moja kwa moja. Alois aliokoa mipira minne. Aliyebebwa mabegani ni yeye, na bao nimefunga mimi.

Alhamisi, 25 Juni
Nimepeleka njumu zangu kwa Abbasi zikapigwe misumari. Ndiye fundi viatu hodari kuliko wote mjini, na pia ndiye kapteni wa timu ya Gongoni, kwa hiyo viatu tunavyochezea dhidi yake anavitengeneza mwenyewe. Njumu hizi Baba alizinunua kwa nta ya msimu mzima. Abbasi akazigeuza geuza.

"Ngozi nzuri hii. Inasikitisha."

"Inasikitisha nini?"

"Imeangukia kwa Gunia."

Mafundi wote barazani wakacheka, na cherehani ikasimama ili mshonaji naye acheke. Nilimwambia Septemba atameza misumari hiyo. Akasema inshallah, kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo iliyonikera.

Jumamosi, 4 Julai
TUMESHINDA. Mbili kwa moja, Nzega, ugenini, uwanja una mashina ya pamba iliyong'olewa. Sikumbuki lini niliandika neno hili. Tumeshinda.

Garini wakati wa kurudi Alois akanigonga bega. "Kapteni, babako amefariki. Leo sitanii." Gari zima wakapasuka kwa kicheko. Sikujibu. Nilitaka siku moja iwe yangu bila yeye kutia kidole.

Jumapili, 12 Julai
Maharage yana mawe.

Jumanne, 21 Julai
Barua ya Mama, imeandikwa kwa mkono wa katekista. Baba anakohoa tangu Pasaka, sasa hapandi tena mizingani, anakaa nje akiangalia njia. Anauliza nitakuja lini. Katekista ameongeza kwa akili yake kwamba mzazi ni mmoja.

Ipole ni nusu siku kwa lori, lakini malori si ya kila siku. Kwenda, kukaa, kurudi ni siku tano, na Jumamosi hii tuna mechi. Halafu mkuu hatoi ruhusa kwa ajili ya kikohozi. Nimejibu kwamba nitakuja kombe likiisha, na nitalileta alishike. Sikumwomba mkuu. Ningemwomba angekataa.

Jumamosi, 25 Julai
Tumeshinda tatu bila. Alois hakugusa mpira hata mara mbili, akakaa golini akiimba.

Jumatatu, 3 Agosti
Alois aliiona barua kitandani kwangu akaisoma. Hana haya. Nilidhani ataacha ule mzaha. Hapana. Jioni kwenye chakula: "Eustace, babako amefariki. Leo sitanii." Nikamwambia Baba ni mgonjwa kweli, anyamaze.

Akanitazama. "Ndiyo maana nasema. Sisi kwetu mgonjwa tunamtangulizia. Kifo kikisikia kishatangazwa kinaona kazi imekwisha, kinapita."

Utasema nini na mtu wa namna hiyo? Nilimwambia kwao waendelee kutangulizia, kwetu tunatumia dawa. Anataka ukapteni, hilo ndilo jambo lenyewe. Anataka nipandishe hasira nipigane nifukuzwe, akiinue yeye kombe.

Jumamosi, 15 Agosti
Sare na Polisi, bila kwa bila. Refa alikuwa polisi.

Jumapili, 23 Agosti
Jua. Msitu unaungua upande wa kusini, jivu linaangukia kwenye uji. Nimeota mizinga ya Baba inaungua. Nikaamka nikakasirika na kila mtu.

Jumamosi, 5 Septemba
Nusu fainali. Tumewafunga Reli bao moja, dakika ya mwisho, kwa kichwa changu. Tuko fainali. Gunia liko fainali! Mwalimu Modest alilia mbele za watu. Fainali ni tarehe 19, uwanja wa mjini, dhidi ya Gongoni.

Alois alidaka penalti ya dakika ya sabini. Naandika kwa sababu ni kweli, siyo kwa kupenda.

Alhamisi, 10 Septemba
Barua nyingine kutoka kwa Mama. Fupi. "Njoo." Zimebaki siku tisa tu. Nimeiweka ndani ya njumu.

Ijumaa, 18 Septemba
Leo Alois amevuka mpaka.

Mchana tulikuwa uwanjani tunafunga njumu kwa mazoezi ya mwisho. Akaja kutoka upande wa geti, hajavaa nguo za mazoezi, kofia yake ameishika mkononi. Akasimama mbele yangu, mbele ya timu nzima, na mimi nimepiga magoti nafunga kamba.

"Eustace, babako amefariki. Leo sitanii."

Wote wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, na huo ndio ustadi wake, huwa hacheki. Akarudia jina langu. Nikainuka nikamzaba kofi, nikahisi meno yake kwenye kiganja. Kicheko kikakatika. Nilidhani atanirudishia, na ningefurahi. Akajipangusa mdomo kwa ile kofia.

"Nitakusubiri," akasema.

Akaondoka kuelekea getini, na lori fulani lilikuwa linanguruma huko nje. Hivyo kofi langu atalilipa, amesema mwenyewe mbele ya mashahidi. Namsubiri na mimi.

Jioni hakula chakula. Kitanda chake kitupu.

Jumamosi, 19 Septemba
Asubuhi hayupo. Saa sita hayupo. Saa nane tukapanda gari kwenda mjini bila golikipa. Miaka mitatu ya kuchekwa, siku moja ya kufuta, na mtu ananuna kwa kofi moja na kutuacha! Nilimweka Ambrosi golini, Ambrosi ambaye hawezi kudaka hata baridi.

Saa kumi kamili filimbi. Mji mzima ulikuwepo, na wote walikuwa wamefungua mikono wameshika magunia yao ya hewa. Abbasi akanipa mkono na kuangalia njumu zangu. "Misumari inashika?" Nikamwambia ataona. Tulicheza kwa chuki, sina neno lingine. Beki wetu wa kushoto alitapika akarudi ndani. Ambrosi alidaka kwa uso, kwa tumbo, kwa mgongo. Dakika ya themanini na moja Abbasi akateleza, nikampita, nikapiga. Nyavu.

Moja bila. Filimbi ya mwisho ilipolia sikuruka. Nilikwenda mbele ya watoto wa Gongoni nikafungua mikono nikashika gunia, nikasimama hivyo mpaka wakaangalia chini.

Mkuu wa chuo akanikabidhi kombe, kisha akauliza golikipa wa siku zote yuko wapi. Mimi nikaomba karatasi papo hapo, nikaandika: Alois ametoroka chuo jana bila ruhusa, siku moja kabla ya fainali. Nikatia sahihi, Eustace Masolwa, kapteni. Sijawahi kuandika sentensi kwa raha kama ile.

Jumapili, 20 Septemba
Nyama! Kombe liko mezani kwangu. Ni dogo kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 21 Septemba
Asubuhi nilikuwa kwenye geti kuu. Lori la Nassibu, yule dereva mzee wa njia ya Sikonge na Ipole, likasimama. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akashuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mwanangu."

"Pole ya nini, mzee? Tumeshinda."

Mkono wangu hakuuachia.

"Mtani wako hakukwambia?"

Nikasema aliniambia. Kisha nikasikia nilichosema.

Baba amekufa Alhamisi alasiri. Nassibu alipewa habari alete, na Ijumaa mchana alifika hapa getini akamkuta Alois. Akamwuliza kabila, akasema Mzaramo, na Nassibu akashukuru, maana habari ya msiba ikipelekwa na mtani ndiyo imepelekwa sawasawa, kwetu hakuna mjumbe anayempita. Akamngoja na injini inawaka. Alois alirudi na damu mdomoni. Nassibu akamwuliza yuko wapi mtoto wa Masolwa. Alois akajibu, "Anakuja kesho na lori la posta. Twende, mimi nikamshikie nafasi." Akapanda.

Sikwenda darasani. Nimekaa kitandani na kombe liko mezani linanitazama. Nimelifunika kwa fulana.

Alhamisi, 24 Septemba, Ipole
Nimepewa ruhusa ya siku tano, kwa karatasi. Nimekuta udongo umeshakauka.

Mama hakulia aliponiona. Alisema, "Mwangaluka," kama mtu anayemsalimu jirani, akanipa maji. Nikampigia magoti, nikamwita mayu, nikamwambia sikujua. Akaniacha nimalize, kisha akaeleza akiwa anachambua mtama, hakuinua kichwa.

Alois alifika Ijumaa jioni. Akaingia uani kwetu akipiga kelele kwamba mzee mvivu huyu kafa ili asimlipe deni la asali, na waombolezaji waliokuwa wamekauka wakacheka na kulia pamoja. Usiku akachanja kuni. Jumamosi alfajiri akachimba kaburi na wanaume wa kijiji, akakataa kupokewa jembe. Saa nne maiti ikatolewa. Alois akaruka ndani ya kaburi akalala chali.

Ni haki yake. Mtani hulala kaburini asitoke mpaka apewe kitu, kuku au jembe, na watu hucheka, hutoa, mambo yanaendelea. Wakampa kuku. Akakataa. Wakampa jembe. Akakataa. Wakampa mbuzi. Akasema hataki mali ya maskini.

"Anataka nini?" nikamwuliza Mama, ingawa nilishajua.

"Alisema hatoki mpaka Eustace aje."

Lori la posta lilipita saa sita bila kusimama. Hakutoka. Padri akakasirika, akamwambia hiyo ni dharau. Akajibu kutoka chini kwamba padri naye akitaka alale, nafasi ipo. Jua likawa linampiga usoni. Mama akampelekea maji kwa kata, akanywa akiwa amelala humo humo. Hakuna aliyecheka tena. Walielewa anachofanya, wakakaa wote wanaangalia njia.

"Saa kumi," Mama akasema, "nikaenda mimi mwenyewe ukingoni. Nikamwambia, mwanangu, toka, haji. Akatoka."

Saa kumi. Nilikuwa nampa Abbasi mkono.

Nikalitoa kombe kwenye mfuko nikamwonyesha. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Mama akauliza ni la kupimia nini.

Jumatatu, 28 Septemba
Nimerudi. Alois alirudi siku ile ile niliyoondoka, tukapishana njiani, na mkuu alikuwa na karatasi yangu mezani. Amefukuzwa. Haruhusiwi kufanya mtihani, na amekaa nyumbani kwa Nassibu mjini akingoja nauli kutoka kwao. Miaka mitatu yake imekwisha kwa sentensi yangu moja.

Nimekwenda kwa mkuu kuifuta. Akaniambia sheria ya ruhusa ni msiba wa baba au mama, je, marehemu alikuwa nani kwa Alois? Nikasema hakuwa ndugu. Alikuwa baba wa mtani wake. Akataka niandike maombi kwa Kiingereza, barua iende kwa bwana elimu wa jimbo. Nikafungua kamusi ya chuo. Kwenye neno *mtani* ikanipa neno la mtu wa mizaha. Sikuwa na jingine. Nikaandika.

Akasoma, akavua miwani.

"Kijana huyu alitoka chuo bila ruhusa, akaenda maziko ya mtu asiyemhusu, kwa sababu ya mzaha?"

"Siyo mzaha, bwana. Utani."

"Umeandika hapa mzaha."

Nikaeleza habari za pembe, misafara, kaburi. Nilieleza vibaya. Nilipofika kwenye kulala kaburini alinyanyua mkono, akasema hayo ndiyo mambo ambayo walimu wapya tunatarajiwa kuyaondoa vijijini. Akaandika juu ya barua yangu kwa wino mwekundu kwamba haitapelekwa, na mlango ukafunguliwa nitoke. Namchukia kwa usafi wa meza yake. Modest alikuwepo pale muda wote, Mnyamwezi mwenzangu, mwenye watani wake mwenyewe, na hakufungua mdomo. Yeye namchukia zaidi.

Jumatano, 30 Septemba
Wenzangu wanataka tupige picha na kombe. Nimekataa. Ambrosi akasema najifanya. Nikamwambia yeye alicheka uwanjani siku ile kuliko wote. Akanijibu, "Wewe ndiye uliyepiga." Hatujasemezana tangu hapo.

Alhamisi, 1 Oktoba
Treni ya pwani ilikuwa saa tisa. Nimetoka chuoni bila karatasi, anayetaka kunifukuza anifukuze.

Nilimkuta Alois stesheni amekalia sanduku lake la bati, mdomo bado una kidonda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikalitoa kombe nikamnyooshea.

"Hilo lina faida gani?" akasema. "Hata uji haliwezi kubeba. Peleka huko."

"Basi nitukane."

"Nitakutukana kwa ruhusa ya nani? Mtani hatukani mtu ambaye bado hajajua ana msiba."

Nikamwambia najua, nimetoka Ipole, nimeliona kaburi. Akatikisa kichwa. Alisema Nassibu aliniambia, Mama aliniambia, lakini yeye ndiye aliyepewa habari aifikishe, na mimi nilikataa kuipokea, kwa hiyo bado anayo, na hawezi kupanda treni nayo. Akasimama. Akavua kofia, akaishika mkononi. Watu walikuwa wanapita na mikungu ya ndizi na makuku.

"Eustace, babako amefariki. Leo sitanii."

Sasa niandike jambo ambalo tarehe 18 sikuliandika sawasawa. Niliandika kwamba kofia ilikuwa mkononi. Sikuandika kwamba kwa miaka mitatu, mamia ya mara aliyosema maneno yale, hakuwahi kuivua hata mara moja. Niliiona. Nilikuwa nimepiga magoti nafunga kamba, kofia ilikuwa usawa wa macho yangu, na nilijua. Sikujua kwa muda mrefu, labda kwa muda wa kufunga fundo moja. Kisha nikaikumbuka Gongoni, nikainuka na kumpiga kabla hajamaliza kurudia, ili maneno yale yaendelee kuwa utani.

Pale stesheni nikakaa chini kwenye changarawe nikalia kwa sauti, kama tunavyolia sisi kwetu, na kombe likabingirika mpaka kwenye miguu ya mama mmoja muuza karanga. Alois akachuchumaa. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Haya," akasema. "Sasa haki yangu. Kuku nilikataa, mbuzi nilikataa. Vua viatu."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Mnyamwezi ulizaliwa navyo?"

Nikavua. Akavivaa, vilimbana, akavitukana na kunitukana na kumtukana Baba mzima mzima, mvivu aliyezaa mtoto mwenye miguu ya kinda. Nikataka kujibu lile jibu letu la siku zote kuhusu baba yake. Halikutoka. Akapanda behewa akichechemea.

Nimerudi chuoni pekupeku, maili nne, changarawe ina moto. Bado simpendi. Alinisubiri tangu saa nne mpaka saa kumi, na mtu wa hivyo ni mzigo mzito kumpenda. Kombe nimelisahau kwa yule muuza karanga, na sirudi kulifuata.